Kabla ya bunduki, chagua risasi: jibu kwa msomaji anayeingia mashindano ya shabaha ya kikauboi

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Mimi ni mzaliwa wa Voi, nipo Texas mwaka wa sita sasa, nina kadi ya kijani. Mwenzangu wa kazini amenipeleka mara mbili kutazama mashindano ya kupiga shabaha kikauboi, yale ya makofia na mabuti, nami nimenasa. Nina akiba ya dola 2,500. Kila ninayemwuliza ananisifia bunduki yake mwenyewe. Mmoja kaniambia mwanaume hupiga .45, hizo .38 ni za watoto. Mke wangu naye anataka kupiga, pia mdogo wangu aliyekuja kusoma chuo. Tununue nini, na tuanze na ipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Hapo kwenye "mwanaume hupiga .45" nimecheka peke yangu, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayaamini, yakanila pesa. (Namba hizo, .45 au .38, hutaja unene wa risasi kwa inchi, kwa kukadiria.) Nilinunua bastola mbili za .45 Colt kwa sababu zilikaa vizuri mkononi. Baadaye nikaokota raifo ya .357 kwa bei ya kutupa. Siku ya kwanza nikafika uwanjani na masanduku matatu ya risasi zisizofanana. Kwenye meza ya kupakia, jasho linanitoka na watu nyuma wanangoja, nikachukua risasi ya .38 niliyoiandalia raifo, maana ya .357 hupiga hata .38, nikaitumbukiza kwenye silinda ya bastola ya .45. Ikateleza kama jiwe kisimani, ikachungulia upande wa pili. Mzee aliyekuwa akisimamia meza hakusema neno. Alinyoosha kiganja, nikamwekea ile risasi, akachomoa moja ya .45 kwenye sanduku langu mwenyewe akanipa. Bastola zile niliziuza kwa hasara kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo mimi mtu akiniuliza bunduki, namrudisha kwenye risasi kwanza. Ukishachagua risasi moja ya kulisha raifo na bastola zote mbili, nusu ya maswali yako yanajijibu.

Niwaeleze kidogo wasomaji ambao hawajauona mchezo wenyewe. Ulianzia kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1980, na chama chake kikubwa, Single Action Shooting Society, ambacho watu hukiita SASS, kiliundwa mwaka 1987. Mshindani huvaa mavazi ya Marekani ya magharibi ya karne ya 19, hujipa lakabu ambayo hakuna mwanachama mwingine anayo, na hutumia bunduki nne za miundo ya enzi hizo: bastola mbili za silinda, raifo moja ya wenzo, yaani yenye mpini wa chini unaousukuma na kuurudisha kila risasi, na shotigani moja. Kila kituo kina maelekezo yake ya kupiga vibao vya chuma kwa mpangilio fulani. Kwa kawaida utapiga risasi kumi za bastola, kumi za raifo na nne au zaidi za shotigani, huku saa inakimbia. Kibao ukikikosa unaongezewa sekunde tano. Ukikosea mpangilio, kumi.

Sasa zingatia jambo moja ulilolishuhudia wewe mwenyewe hizo mara mbili: vibao viko karibu, tena ni vikubwa. Bastola unapiga kibao kilicho hatua saba au kumi mbele yako, kipana kama sinia ya pilau. Hapo nguvu ya risasi haikusaidii lolote. Chuma kikigongwa na .38 kinalia, kikigongwa na .45 kinalia, na anayehesabu makosa hakuulizi kimelia kwa sauti gani. Kinachokusaidia ni mtutu kurudi mahali pake upesi baada ya mlipuko ili uweze kukoki tena. Anayepigwa teke dogo anakoki mapema. Ndiyo maana ukiwatazama wanaoshinda mashindano makubwa utawakuta wengi wao na .38 zenye baruti kiduchu, na wapo waliobobea ambao wameshuka mpaka .32. Wanaume wazima, na masharubu yao.

Kanuni zenyewe zinakuvuta upande huo huo. Risasi ya bastola haitakiwi kuzidi mwendo wa futi 1,000 kwa sekunde, ya raifo futi 1,400. Na kichwa cha risasi lazima kiwe cha madini ya risasi matupu, kisivikwe koti la shaba, kwa kuwa shaba ikigonga chuma kwa karibu vile hurudi na vipande vyenye makali. Kiswahili hapa kinachekesha: risasi ni madini na risasi ni kile kitokacho mtutuni, kwa hiyo kanuni inakudai upige risasi za risasi. Hizo nguvu za Magnum, yaani risasi zilizojazwa baruti kali, unazolipia dukani huna ruhusa ya kuzitumia.

Halafu piga hesabu. Mashindano ya mwezi ya klabu huwa na vituo vitano au sita. Sita mara ishirini ni risasi 120 kwa bastola na raifo, na shotigani kama 25. Ongeza mazoezi, ongeza mke. Sanduku la .45 Colt dukani huuzwa ghali kuliko la .38 Special, na tofauti hiyo utailipa kila mwezi maadamu unacheza. Ukifika mahali pa kujijazia risasi mwenyewe nyumbani, kama tunavyofanya wengi wetu, .38 hula madini kidogo na baruti kidogo, na maganda yake yamejaa kila pahali.

Basi nunua bunduki za .357 Magnum na uzilishe .38 Special. Chemba ya .357, yaani tundu inamokaa risasi, hupokea zote mbili, kwa kuwa .38 ni ile ile ila ganda lake ni fupi. Kwa ufupi huo, .38 huacha pete ya masizi mbele ya chemba. Usipoisugua, siku utakayotaka kutia ganda la .357 itakataa kuingia. Brashi na dakika mbili zinatosha.

Huyo bwana wa .45 nisimwonee, ana siku yake. Kuna makundi ya mashindano yanayotumia baruti nyeusi ya kizamani. Ganda la .45 limejengwa enzi za baruti hiyo, lina tumbo kubwa, ukilijaza linatoa moto, moshi na mshindo ambao mtu akiuonja mara moja haachi kuuzungumzia. Lakini ganda hilo hilo ukilitia baruti ya kisasa kidogo tu ili upunguze teke, linakosa shinikizo la kulibana kwenye kuta za chemba, masizi yanarudi nyuma, raifo inakuwa kama sufuria ya kuni. Wapenda moshi wenye akili huenda .44-40, ambayo ganda lake ni jembamba mdomoni na hujibana vizuri. Hayo utayafikia ukitaka. Siyo mwaka wa kwanza.

Tuje kwenye raifo, na hapa ndipo ninapotaka sehemu kubwa ya pesa yako iende. Bastola ya kawaida na bastola bora hutofautiana kidogo sana mikononi mwa anayeanza. Raifo mbovu hujulikana kituo cha kwanza.

Miundo inayoonekana uwanjani ni mitatu au minne. Inayotawala ni Winchester ya 1873 na kaka yake wa shaba wa 1866, anayeitwa Yellow Boy. Zinazopigwa siku hizi karibu zote ni nakala zinazotengenezwa Italia, jina kubwa likiwa Uberti. Ukiifungua ubavu utaona kwa nini inapendwa. Ndani kuna viungo viwili vilivyoungana kama paja na ugoko. Wenzo ukiwa juu, goti limenyooka na kufuli la chemba limebanwa. Ukisukuma wenzo chini, goti linakunja na kufuli linarudi nyuma lenyewe bila ubishi. Wakati huo huo kuna kibebeo kama lifti kinachoinua risasi kutoka chini moja kwa moja hadi usawa wa chemba. Risasi haipandi kwa mshazari, haitafuti njia, inapanda wima na kusukumwa mbele. Mafundi wamebuni viungo vifupi vya kubadilisha humo ndani, ambavyo vinapunguza mwendo wa wenzo hadi ukawa wa kukunja vidole tu. Kiungo cha goti si imara kwa risasi kali, lakini sisi hatupigi risasi kali.

Lifti hiyo ina ugonjwa mmoja ambao lazima uujue kabla hujalia. Urefu wake umekatwa kwa kipimo cha risasi. Ukiilisha risasi fupi mno, ile inayofuata kwenye magazini inachungulia ndani ya lifti kabla ya zamu yake, na lifti haiwezi kupanda, imefungwa kama mlango wenye mguu wa mtu katikati. Ndefu mno nayo haiingii. Kwa hiyo unaponunua risasi za .38, usitazame bei pekee. Chukua sanduku moja, jaza raifo bila haraka uwanjani chini ya usimamizi, uone kama zote kumi zinapita. Zikipita, nunua za aina hiyo hiyo daima. Na ziwe zenye pua bapa. Magazini ya raifo hizi ni bomba, risasi zinalala zikifuatana, pua ya moja kwenye kitako cha nyingine, palipo fataki, ile inayowasha baruti ikigongwa. Pua iliyochongoka hapo ni kutafuta balaa.

Ya pili ni muundo wa 1892, kazi ya John Browning. Ni imara kuliko 1873, nyepesi, na nakala za Rossi kutoka Brazil huuzwa kwa bei ya mwananchi. Nimeona vijana wakizipiga kwa kasi ya kuheshimika. Lakini wenzo wake ni mzito kuukunja, risasi hupanda kwa mshazari, na hakuna viungo vifupi vya kuihuisha kama ile. Ni raifo ya kuanzia kwa mtu mwenye mkoba mwembamba, mradi ujue kwamba mchezo ukikukolea utaiuza.

Marlin ya 1894 nimeimiliki. Laini, inafunguka kwa skrubu moja kusafisha, na ni nzuri kwa bega la mtu mfupi. Ugonjwa wake ni kwamba ukingo wa wenzo husuguana na tumbo la kibebeo, kidogo kidogo unachimba mtaro, na siku mtaro ukitosha kibebeo hakipandi kwa wakati. Risasi mbili hukutana mlangoni na zote hazipiti. Ukitaka kununua iliyotumika, mwombe muuzaji ruhusa, toa wenzo, chungulia tumbo la kibebeo kwa tochi. Ukiona mfereji mkali, teremsha bei au ondoka.

Henry za kisasa ni bunduki za kupendeza, ila zile zinazojazwa kwa mbele tu, kupitia bomba, zitakutesa pale maelekezo ya kituo yanapokutaka uongeze risasi moja huku saa inakwenda. Ya 1873 ina kilango ubavuni. Kidole gumba kinasukuma, imeingia.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo, kwa kuwa umeniambia wewe ni wa Voi. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyetoka kuwa rais wa Marekani, aliteremka Mombasa kwenda kuwinda, akapanda treni kwa reli ile ile inayopita kwenu. Katika bunduki zake kulikuwa na Winchester ya 1895, raifo ya wenzo ya kaliba .405 ambayo aliisifu kama dawa ya simba. Nayo ni kazi ya Browning. Usije ukaiona dukani ukadhani umepata: ina magazini ya sanduku chini ya tumbo, inapiga risasi kubwa za raifo, na katika mashindano makuu raifo hutakiwa kupiga risasi za aina ya bastola. Utaikuta kwenye michezo ya pembeni ya masafa marefu tu. Wazee wetu walizoea kuona magobore, na nadhani wenzo ule uliwashangaza wapagazi.

Bastola. Zote mbili ziwe za kukoki kwa mkono kila risasi, muundo wa Colt ya 1873. Zinazofaa mwenye pesa za kawaida ni za aina mbili: nakala za Italia, Uberti au Pietta, ambazo ndani yake zinafanana sana na Colt yenyewe, na Ruger New Vaquero ya Marekani, iliyotoka mwaka 2005. Vaquero ya kwanza, ya mwaka 1993, ina umbo kubwa zaidi. Bado inauzwa mitumba na ni ngumu kama chuma cha reli, ila kwa mkono mdogo inajaa mno. Ushauri wangu kwa nyumba yenye watu wawili wanaoshirikiana bunduki ni New Vaquero mbili zinazofanana, za .357, mtutu wa inchi 4 na robo tatu au chini yake kidogo, au 5½. Ruger hutumia springi za waya zisizovunjika ovyo. Za Italia zina sauti tamu zaidi ukikoki na mpini mwembamba zaidi, lakini springi zake bapa hukatika, na zikikatika hukatika siku ya mashindano. Chukua zenye lengeo lisilohamishika, maana hizo zinaingia karibu kila kundi.

Usinunue bastola bila kuishika. Shika, koki kwa kidole gumba cha mkono unaoshikilia, kisha kwa gumba la mkono wa pili, mara kumi kila upande. Wengi wetu hukoki kwa mkono wa pili ili ule unaolenga usitikisike. Wanaopiga kwa mkono mmoja wana kundi lao, na wanaoshika bastola mbili kwa pamoja, moja kila mkono, wana lao. Kama umewaona hao wa mwisho umejua kwa nini siwapendekezi kwa mgeni.

Silinda ina matundu sita, lakini utajaza matano. Nyundo ya Colt ikilala juu ya risasi, bastola ikianguka inaweza kulia yenyewe, na kanuni haitofautishi: hata Ruger, yenye kizuizi cha ndani, hujazwa tano na nyundo kulala juu ya tundu tupu. Kwa bastola ya muundo wa Colt, mikono inafanya hivi. Vuta nyundo hadi nusu, fungua kilango. Tia moja. Ruka moja. Tia nne mfululizo. Funga kilango, vuta nyundo mpaka mwisho, ishushe polepole kwa gumba. Ukihesabu sawasawa, chini ya nyundo pametulia tundu tupu, na msimamizi wa meza atainama kuangalia. Fanya hivyo nyumbani na maganda ya mazoezi yasiyo na baruti hadi vidole vihesabu vyenyewe, maana siku ya kwanza mdomo utakauka na hesabu ya mpaka nne itakuwa ngumu.

Shotigani ndiyo watu huidharau, na ndiyo inayoamua. Raifo na bastola unafika mstarini zimejaa. Shotigani unafika nayo tupu, unaijaza huku saa inakwenda, na sekunde unazookoa kwa miezi ya mazoezi ya raifo unaweza kuzimwaga zote hapo ukitafuta risasi mkandani kama mtu anayepapasa funguo gizani.

Chaguo la kweli ni mbili. Ya kwanza ni mitutu miwili ubavu kwa ubavu, isiyotema maganda kwa springi, kwa kuwa kanuni inakataza hiyo. Stoeger Coach Gun ndiyo inayoonekana mikononi mwa wanaoanza, kwa sababu ya bei. Ikitoka dukani ni kavu, inafunguka kwa shida, na kila ukiifungua swichi yake ya usalama hujirudisha yenyewe. Utavuta triga mbele za watu na kusikia kimya. Mpelekee fundi bunduki anayejua mchezo huu: alainishe ufunguzi, ang'arishe chemba hadi maganda yaanguke yenyewe ukiinamisha mtutu juu, na aitulize hiyo swichi. Maganda laini ya Winchester AA yanatoka kama sabuni. Mengine yenye mikunjo hung'ang'ania.

Ya pili ni Winchester ya 1897, ya kusukuma kwa mkono wa mbele, yenye nyundo nje, na nakala zake za Kichina. Nayo ni Browning, mzee huyu hatumkwepi. Ilitengenezwa mpaka mwaka 1957, imezaliwa zaidi ya milioni moja, na mikononi mwa aliyeizoea ni kasi kuliko mitutu miwili. Lakini haina kizuizi cha triga: ukisukuma mbele huku kidole kimekandamiza triga, inalia chemba ikifunga. Tumbo lake lina vyuma vidogo vingi vilivyochoka kwa miaka mingi, na nyundo ikirudi nyuma huchuna gumba lililozubaa. Mimi naipenda, ninayo, na sikushauri uanze nayo.

Chukua geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu wa shotigani, na 20 ni mwembamba kuliko 12) na ulishe risasi hafifu za marisawa madogo ya madini laini, namba 7½ au 8. Marisawa ya chuma hayaruhusiwi kabisa. Geji 20 inashawishi kwa wepesi, lakini vibao vya shotigani lazima vianguke, na siku ya upepo wa mbele marisawa machache huviacha vimesimama vikikucheka.

Sasa dola 2,500. Nne mpya dukani hazitoshi. Raifo ya 1873 mpya peke yake inameza zaidi ya elfu moja, na Vaquero mbili zinazidi hapo. Ndiyo maana nasema usinunue zote. Mashindano mawili au matatu ya mwanzo piga kwa bunduki za watu. Usione haya. Ukijitokeza uwanjani na miwani ya kinga, vizibo vya masikio, fulana isiyokuwa na nembo za timu za mpira na sanduku la .38, utaazimwa bunduki nne na watu wanne tofauti, na kila mmoja atakuhubiria dini yake. Piga zote. Kisha nunua raifo ya 1873 iliyotumika ambayo tayari mshindani ameifanyia kazi ya ndani. Hao huwa wanauza kila mara kwa sababu wamepata nyingine mpya, na kazi ya fundi waliyolipia hairudi yote kwenye bei. Shotigani ifuate. Bastola mwisho, kwa kuwa ndizo rahisi kuazimwa. Hapo katikati weka pesa ya mkanda na ala za ngozi nzuri. Ala laini inayojikunja baada ya kuchomoa bastola itakufanya urudishe mtutu ukiutafutia tundu kwa macho, na mtutu ukivuka pembe ya usalama unatolewa kituoni bila mjadala.

La sheria lisikilize kwa makini kuliko yote. Wewe mwenye kadi ya kijani unaruhusiwa kununua. Utajaza fomu 4473 kwa muuzaji mwenye leseni, ataulizia jina lako serikalini, na kama huna doa utaondoka nayo. Kwa bastola muuzaji atakutaka uwe na miaka 21, kwa raifo na shotigani 18. Mkeo kama naye ana kadi, ni hivyo hivyo. Lakini mdogo wako wa viza ya masomo ni habari nyingine kabisa. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki au kushika bunduki au hata risasi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mojawapo akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa Marekani. "Kushika" hapo ni pamoja na ile raifo ya kuazimwa uwanjani kwa dakika moja. Asiguse chochote kabla hajapata leseni hiyo mkononi na kuongea na mwanasheria wa uhamiaji. Kosa la aina hii halimalizwi kwa faini, linaweza kumfungia mlango wa nchi. Aje, avae kofia, akuhesabie vibao. Na usije ukawaza kubeba hata ganda tupu kwenye begi ukienda Voi likizo. Pekua mifuko yote ya koti kabla ya uwanja wa ndege. Risasi moja iliyosahaulika imeshaharibia watu safari.

Kuhusu lakabu, hukuniuliza, lakini utaulizwa na kila mtu. Usijione mgeni katika vazi lile. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika kila makauboi wanne waliokuwa wakiswaga ng'ombe kutoka Texas baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mmoja alikuwa mweusi. Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa Arkansas mwaka 1838, alikuwa naibu wa mashali wa serikali na aliwasaka wahalifu kwa miaka mingi katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Majina makubwa kama hayo yameshachukuliwa kitambo na lazima lako liwe la peke yako. Lugha yetu inakupa faida hapo. Mimi nilichukua jina la kijiji cha babu, likapita mara moja, na mtangazaji wa klabu mpaka leo analitafuna vibaya kila mwezi.

Mkeo usimpe bunduki ya nguvu ili "azoee". Mpe .38 hafifu, raifo ya mtutu mfupi, na umwache apige taratibu bila saa mpaka acheke. Tatizo lake litakuwa shotigani: vitako vya dukani hukatwa kwa mkono wa mwanaume mrefu, na kitako kirefu humfanya mtu mfupi aegemee nyuma ili kusawazisha, hapo teke linamsukuma hatua nzima. Mwambie akunje kiwiko, wewe upime kutoka kwenye mkunjo wa kiwiko hadi kwenye pingili ya kwanza ya kidole cha shahada, kisha upime bunduki kutoka triga hadi mwisho wa kitako. Niandikie namba zote mbili. Zikipishana zaidi ya inchi moja, kitako kinakwenda kwa fundi kukatwa, na hiyo ni kazi ya mchana mmoja.